Matembezi marefu ya ufukweni: nizipatanishe vipi picha za mandhari na za watu?

Mwulizaji
Ndugu zangu, ninajiandaa kutembea kandokando ya bahari kwa siku 12, na jaribio langu la siku 3 limenionyesha udhaifu wangu. Nilirudi na picha zaidi ya 600, karibu zote zikiwa na upeo wa macho uliozikata katikati, anga juu, maji na mchanga chini. Watu niliokutana nao, ambao mazungumzo yao ndiyo ninayoyakumbuka zaidi, wametoka wamekakamaa kama wanaopigwa picha ya kitambulisho. Nina kamera moja, lenzi ya milimita 24–105, na mgongo usiopenda mizigo. Nibadilishe nini?

Lenzi Chakavu
Kwa upande wa mandhari, tatizo lako ni la saa kuliko la kamera. Katika pwani nyingi maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50, kwa hiyo ndani ya siku 12 zipo asubuhi ambazo jua litachomoza maji yakiwa yamekupwa, na nyingine ambazo ufuo wote utakuwa umefunikwa. Pata jedwali la maji kabla ya kupanga vituo vyako. Wakati wa bamvu, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa zaidi, na miamba na vidimbwi vinavyojitokeza hukupa kitu cha kuweka mbele, ili upeo usibebe picha nzima peke yake. Ishushe kamera karibu na ardhi, tumia tundu dogo la lenzi, f/11, ili vya mbele na vya mbali vyote vionekane vizuri, na upeo uupeleke kwenye theluthi ya juu. Mchanga mweupe huidanganya kamera ikatoa picha ya kijivu. Ongeza mwangaza kwa hatua moja (+1), yaani mara mbili. Tena, usizunguke rasi yenye majabali bila kujua maji yataanza kujaa lini: niliwahi kukaa saa 4 juu ya mwamba, nikiwa na picha nzuri na viatu vilivyolowa.

Msafiri Taratibu
Ukiitoa kamera mkobani katikati ya mazungumzo, umeyavunja. Mimi huivaa kifuani tangu mwanzo, mtu aione kabla hajaitikia salamu. Baada ya kupata ruhusa hupiga picha moja, nikijua itakuwa ngumu, kisha humwomba aendelee na kazi yake, iwe ni kutengeneza wavu au kupumzika tu; ya nne au ya tano ndiyo humtoa yeye mwenyewe. Tumia milimita 35, umkaribie, na pwani ibaki nyuma yake.

Lenzi Chakavu
Naafiki, ila mtu aliye mbali, asiyetambulika sura, si lazima umsimamishe, kwa kuwa ndiye anayeonyesha ukubwa wa mahali. Sura ikitambulika, omba. Akiwa mtoto, muombe mzazi. Kuhusu mgongo, acha stendi ya kamera nyumbani. Kila jioni pangusa kamera kwa kitambaa chenye unyevu wa maji yasiyo na chumvi, wala usianze na kikavu, kwani chembe za chumvi na mchanga hukwaruza.

Mwulizaji
Nashukuru. Nimezipitia upya zile 600 na kupata moja yenye mtu mdogo chini ya jabali, niliyoipiga bila kukusudia. Je, mtu akikataa?

Msafiri Taratibu
Funika lenzi mbele ya macho yake, kisha endelea kuzungumza naye.