Kore 24 za Intel na kore 16 za AMD, mbona hesabu hainikai?

Swali: Wakuu naombeni msaada. Naangalia prosesa ya Intel, Core Ultra 9 285K, ina kore 24, ya AMD, Ryzen 9 9950X, ina 16 tu, ila ukija kwenye thredi (kazi inazoshika kwa wakati mmoja) Intel anabaki na 24 zilezile AMD anafika 32. Hii imekaaje? Mi naediti video na kukompaili kodi, gemu mara mojamoja.

Jibu 1: Mkuu hizo kore hazilingani. Kwa Intel 8 ndo kubwa, 16 ni ndogo za kubana umeme, mchanganyiko huu wameuzoesha watu tangu prosesa zao za Alder Lake za 2021, zile ndogo zimepangwa nnenne na kila kundi linagawana keshi ya L2 (memori ndogo ya kasi ndani ya prosesa) so kwenye chipu hazili nafasi sana. AMD zote 16 ni kore kamili za muundo wa Zen 5 na kila moja inabeba thredi mbili, wakati Intel hapo kwenye 285K wameitoa kabisa hyper-threading, ile ya kore moja kubeba thredi mbili.

Jibu 2: Niongezee, angalia na vipande (chiplet) vinavyounganishwa kuwa prosesa moja. AMD tangu Ryzen 3000 ya 2019 kore zinakaa kipande chake, kuongea na RAM ni kipande kingine, na vilevile vya kore anavipeleka hadi kwenye EPYC za seva, hiyo akili kubwa sana kwa kweli. Shida yake kore ya kipande hiki ikitaka data iliyo kwenye keshi ya kipande kile lazima izunguke. Intel naye 2024 kahamia huko, kontrola ya memori ikatoka kwenye kipande cha kore, RAM ikawa inachelewa kujibu, ndo maana kuna gemu 14900K yake ya zamani inaipita 285K.

Muulizaji: Nimewapata. Na zile Ryzen za X3D je?

Jibu 2: Hiyo ni keshi ya L3 (ile kubwa ya kugawana kore) imeongezwa MB 64, 5800X3D waliipandisha juu ya kipande cha kore, kwenye 9800X3D wakaishusha chini ili joto litoke vizuri. Ni tamu kwa gemu, kwa kurenda huioni. Chukua 9950X ya kawaida.

Jibu 1: Kwa kukompaili sipingi, ila kore ndogo za sasa msizidharau, si zile za 2021. Halafu video zako kamera inatoa HEVC (mfumo wa kubana video) ya 4:2:2, ile inayobeba rangi nyingi zaidi?

Muulizaji: Ndiyo, 10-bit.

Jibu 1: Basi fikiria Intel mkuu, grafiki yake ya ndani inazifungua hizo moja kwa moja, ya 9950X haiwezi, utaburuza taimlaini kwa nguvu ya kore tupu.