Tupeane uzoefu: kupiga picha tumbusi wanaokusanyika mjini

Lenzi_ya_Bugolobi
Wakuu, tumbusi wamejaa tena juu ya paa la machinjio, upande wa Old Port Bell Road hapa Kampala. Picha nyingi ninazoziona zimetoka madoa meusi angani, kichwa hakionekani wala mkia. Wenye uzoefu tupeane: saa ngapi, lenzi gani, na nini huharibu kazi.

Bi_Darubini
Doa jeusi ni kosa la mwanga, ndugu yangu. Anga jeupe likijaa kwenye fremu, kamera hudhani mwanga umezidi na kuupunguza, naye ndege wa kahawia iliyokolea anageuka kivuli. Dawa yake ni kitufe cha +/- (cha kuongeza au kupunguza mwanga wa picha): peleka +1, anga likiwa na mawingu meupe fika hata +1.7. Usiihurumie anga, iache iungue kidogo (iwe nyeupe tupu), unachokitaka ni ndege. Akitua mbele ya mti au ukuta wenye kivuli, rudi sifuri au −0.3, maana ngozi ya uso wake isiyo na manyoya huungua haraka ikawa baka jeupe.

Akiruka weka kasi ya shata 1/1600 ya sekunde au zaidi, akitua 1/500 yatosha, tundu la lenzi f/6.3 hadi f/8, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) iachie ijipange yenyewe lakini ikome 3200. Fokasi iwe ya kufuatilia, na upige mfululizo mfupi wa picha nne au tano. Ukibana kitufe bila kuachia, kadi inashindwa kuandika, kamera inaganda, na hapo ndipo tumbusi anapogeuza kichwa.

Saa sasa. Kumi na mbili na nusu asubuhi bado wamejikunyata mitini. Jua likiwapata wanatandaza mbawa kama khanga zilizoanikwa, na wanaweza kukaa hivyo dakika nyingi bila kutikisika. Hiyo ndiyo picha. Kuanzia saa tatu hewa inapata moto, wanaanza kupanda kwa mizunguko. Saa tano mabati yanatoa mvuke wa joto, picha inatetemeka kama kitu kilicho chini ya maji. Hilo hakuna lenzi inayoliponya, hata ya mamilioni.

Mzee_wa_Kalerwe
Kweli tupu. Mabati baada ya saa tano ni kupoteza betri.

Mwanza_Ziwani
Huku kwetu wapo wengi sokoni kwenye samaki, wala hawaogopi mtu. Wana mfuko mrefu unaoning'inia shingoni, mtu anawafikia hadi mita tano.

Bi_Darubini
Kaka, hao si tumbusi. Hao ni korongo, Waganda huwaita kalooli. Mwenye mfuko shingoni na miguu mirefu ni korongo.

Mwanza_Ziwani
Dada, anakula uchafu, kichwa hakina manyoya. Sisi wote tunawaita tai. Jina lina kosa gani?

Bi_Darubini
Nyumbani waite upendavyo. Kwenye hesabu ya ndege jina lina uzito. Tangu 2015 tumbusi huyu mdogo wa mjini amewekwa katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka duniani, wakati korongo hana shida hiyo. Ukiandika "tumbusi 60" kumbe 50 ni korongo, umeharibu kumbukumbu za mji mzima.

Korongo amesimama anafika mita moja na nusu. Tumbusi ana kilo mbili hivi, mdomo mwembamba, uso wa waridi unaoiva kuwa mwekundu akigombea nyama. Mtoto wake ana uso uliopauka na kisogo cha kahawia, msimdhanie aina nyingine. Angani: korongo miguu inachungulia nyuma ya mkia, mwewe mkia una panda, tumbusi mkia mfupi na mbawa pana. Kwa hiyo piga mkia pia, si uso tu.

Mzee_wa_Kalerwe
Kuhesabu: piga paa lote kila dakika kumi, kisha andika idadi kubwa kuliko zote katika picha moja. Msijumlishe picha, mtamhesabu ndege mmoja mara sita.

Jicho_la_Tatu
Wanaotaka wengi waende dampo, wapande juu ya lundo, wanakuwa usawa wa macho.

Lenzi_ya_Bugolobi
Tafadhali futa hilo. Agosti 2024 lundo la taka la Kiteezi, dampo la Kampala, liliporomoka likafunika nyumba, wakafa watu zaidi ya 30. Lundo la taka lina maji na gesi ndani, na mvua ikinyesha linateleza bila kutoa onyo. Hakuna picha ya kupanda huko.

Mama_Wawili
Mungu awarehemu. Hata pembeni yake msisimame.

Jicho_la_Tatu
Nimekubali. Basi je, kuwamwagia utumbo uwanjani waje karibu?

Mzee_wa_Kalerwe
Hapana. Unaita mbwa na nzi kwa majirani, na jirani aliyechoka hutega sumu. Nyama yenye sumu ya kuulia wadudu huangusha tumbusi wote waliokula mzoga mmoja. Mkikuta kadhaa wamekufa pamoja, msiguse kwa mkono mtupu, sumu nyingine hupenya ngozi. Pigeni picha pana yenye mzoga na mandhari, andikeni saa na mahali, mwiteni afisa wa wanyamapori.

Mama_Wawili
Nina lenzi ya milimita 300 tu. Nisubiri ya 600?

Bi_Darubini
Usisubiri. Kwa 300 kwenye kamera yenye kihisi-picha kidogo (APS-C), mita 20 zinatosha kumjaza zaidi ya nusu ya kimo cha picha. Muone msimamizi wa machinjio kwanza, kabla kamera haijatoka mkobani, na wachinjaji wasiingie kwenye fremu bila ridhaa. Songa hatua tatu, simama, songa tena. Tumbusi akinyoosha shingo na kuacha kula, hapo ulipo pametosha, hata kama ulitaka mita mbili zaidi. Akishtuka sana hutapika alichokula ili apae.

Mzee_wa_Kalerwe
Na vaa kofia. Usisimame chini ya mti wanaolala.