Naomba ushauri: kambi ya skauti kando ya Mto Yala, na mvua imeanza

Skafu ya Kijani (Vihiga):
Hamjambo nyote. Mimi ni mwalimu wa gredi ya saba na kiongozi wa skauti shuleni kwetu. Jumamosi nina safari na Chipukizi 22, yaani skauti wadogo, wavulana watupu, miaka 12 hadi 14. Tutatembea kilomita tisa na mabegi mgongoni, tulale usiku mmoja kando ya Yala kwenye shamba la mzee aliyetupa ruhusa, Jumapili turudi. Tumeazima mahema saba ya watatu watatu, langu la nane. Unga na maharagwe wazazi wamechanga. Nina msaidizi mmoja, kijana wa Jasiri, yaani skauti aliyeshakuwa mtu mzima.

Shida ni mvua. Tangu Jumanne inanyesha kila alasiri, na mimi usingizi umenipaa. Niende ama niahirishe? Watoto wamejiandaa tangu Februari na likizo ya Aprili ni fupi.

Mzee wa Kapsabet:
Mwalimu, usiangalie mvua ya kwenu, angalia ya kwetu. Yala inatoka huku juu Nandi. Huku ikipiga usiku, ninyi huko mnaona nyota, na maji yanawafikia mkiwa usingizini. Muulize mzee wa shamba maji yaliwahi kufika wapi, kisha umuulize na mkewe, maana yeye ndiye huteka. Lala juu ya hapo. Mkifika, chomeka kijiti pale maji yanapoishia. Ukirudi ukute kimezama, hameni. Mto ukigeuka rangi ya chai ya maziwa na kuanza kuleta majani na vijiti, usingoje hata chakula kiive.

Nyar Ahero:
Sisi watu wa Nyando hilo tumelijua tangu utotoni. Nilipokuwa mdogo tulilala juu ya meza usiku kucha, kuku wakiwa darini, na kwetu hakukuwa kumenyesha hata tone. Asubuhi baba alitoka akavua kambare mlangoni. Mpaka leo nikisikia maji yakivuma usiku ninaamka.

Baba Wawili Nakuru:
Kumbukeni korongo la Hell's Gate, hapa kaunti yetu. Mwaka 2012 maji yalikuja ghafla yakaua vijana waliokuwa matembezini, na 2019 yakaua watu tena. Mimi ningeahirisha. Mtoto wa watu hana spea.

Wa Malava:
Mnamtisha mwalimu bure. Sisi tulipiga kambi ukingoni mwa Nzoia enzi zetu na tukarudi wazima. Tabu yetu ilikuwa mabegi. Kila mama alimfungia wake sufuria, blanketi mbili na viazi vya kulisha kijiji. Tulipofika nusu ya njia viazi vikaanza kugawiwa kwa waliokuwa wakilima kando ya barabara. Mwalimu, pima mabegi Ijumaa. Mtoto wa kilo 40 asibebe zaidi ya kilo nane, na blanketi aifunge ndani ya karatasi ya nailoni. Ugali mtapika wapi mvua ikinyesha? Beba turubai na kuni kavu.

Karani wa Mbale:
Nimesoma mara mbili. Mahema saba ya watatu watatu ni watoto 21. Wewe una 22. Huyo mmoja analala wapi?

Skafu ya Kijani:
Asanteni sana, hasa Mzee wa Kapsabet, kijiti nitakichomeka. Karani, huyo mmoja atalala kwenye hema langu. Ni mambo ya nafasi tu.

Mama Gredi Sita:
Nafasi? Mwalimu, mtu mzima halali hema moja na mtoto wa mwenzake. Kwa skauti hilo hata halijadiliwi, wewe kiongozi ndiwe unapaswa kutuambia sisi. Mbona usiwabane wanne kwenye hema moja? Kwa nini huyo, na kwa nini kwako?

Skafu ya Kijani:
Dada, una haki ya kuuliza. Sikutaka kuliandika hapa.

Huyo mtoto ana kifafa. Mama yake aliniita kando ya geti akaniambia kwa sauti ya chini, akaniomba nisimwambie mtu, hata mwalimu mkuu. Kwenye fomu ya ruhusa, pale pameandikwa "ugonjwa wowote", ameandika "hana". Anaogopa watoto watamkimbia, kwa sababu kwao wengi wanaamini povu likikugusa nawe utaanguka. Anameza dawa asubuhi na jioni. Nilipanga alale karibu nami ili usiku nimsikie. Mlango wa hema ungebaki wazi. Sikuwa na nia nyingine, Mungu ni shahidi.

Na tafadhali msiniambie nimwache. Nimeshamwambia anakuja. Hakuna anayemfikia kwa mafundo. Kamba yake huilalia chini ya mto wa kitandani, na juzi alifunga mafundo sita amefumba macho huku wenzake wakihesabu.

Baba Wawili Nakuru:
Mficha maradhi kifo humuumbua. Huyo mama anakosea na wewe umemsaidia kukosea.

Muuguzi wa Zamu:
Baba Wawili, mama amebeba hili peke yake miaka mingi, uwe mpole kwake.

Mwalimu, nia yako njema haitoshi. Ukiwa chooni, ama umelala fofofo baada ya kilomita tisa, na msaidizi wako hajui lolote, nani atamshika? Akianguka, ondoeni vitu vigumu karibu, wekeni kitu laini chini ya kichwa, mlazeni ubavu. Msimbane mikono. Msimtie kijiko wala kidole mdomoni. Angalia saa. Ikipita dakika tano bila kutulia, ni hospitali mbio. Povu haliambukizi kitu. Kinacholeta shida ni kuruka dawa na kukosa usingizi, na ninyi skauti mnakesha kwenye moto mkiimba. Yeye alale mapema. Asikae ukingoni mwa maji peke yake, wala asipike karibu na moto wazi. Na mtu wa boda alale kwa huyo mzee wa shamba, na mafuta yawemo.

Bado Nina Shaka:
Niseme ukweli wangu. Huu uzi umetungwa. Amejiunga jana, kwanza shida ilikuwa mvua, kisha mahema, sasa ugonjwa. Kila akibanwa anatoa kipya. Kama wewe ni skauti kweli, duara lenye nukta katikati ni nini?

Skafu ya Kijani:
Ni alama ya njiani: "nimekwenda nyumbani." Imechongwa kwenye kaburi la Baden-Powell kule Nyeri, alikofariki Januari 1941. Nililiona nikiwa Mwamba, yaani skauti wa rika la sekondari, nikaligusa kwa kidole. Nilijiunga jana kwa sababu jana ndipo nilipokosa wa kuuliza.

Na hesabu ya mahema Karani hakuikosea. Orodha niliyompa mwalimu mkuu ina majina 21. La 22 nilishindwa kuliandika.

Bado Nina Shaka:
Sawa, mwalimu. Nisamehe.

Wa Malava:
Hata mimi nimefika Nyeri! Tulienda na lori, tukala maandazi mpaka—

Nimeishi Nacho:
Ngoja kidogo, Malava.

Mimi nina kifafa tangu nikiwa na miaka tisa. Darasa letu lilipoenda Msitu wa Kakamega niliachwa nyuma, nikapewa kazi ya kupanga vitabu maktabani. Walirudi jioni na matope hadi magotini, wakicheka kitu ambacho mpaka leo sijui ni nini. Kilichoniuma zaidi ya kuachwa ni kwamba watu wazima walijadiliana juu yangu na hakuna aliyeniuliza. Muulize kijana mwenyewe anataka nani ajue. Kisha mpigie mama yake, usimtumie ujumbe.

Skafu ya Kijani (Ijumaa usiku):
Nimetoka kwao sasa hivi. Nilienda kwa miguu, nikawakuta wakichambua omena. Mama alilia kidogo, kisha akaomba fomu nyingine, na pale pa ugonjwa ameandika kwa mkono wake. Mwalimu mkuu ameambiwa, na msaidizi wangu naye. Kijana amewachagua wawili wa hema lake, akawaambia mwenyewe nje, mimi nikiwa mbali. Mmoja amemuuliza kama anaweza kubeba yeye dawa. Tumekubaliana zikae kwangu.

Hema moja litakuwa la wanne, watabanana. Langu nitalisimamisha hatua tano kutoka kwa lake. Kambi imehamia juu, kwenye shamba la mahindi ya mzee, mke wake ndiye aliyetuonyesha. Kuingia mtoni ni marufuku kwa wote. Boda nimeshamlipa nusu.

Mzee wa Kapsabet, huko juu hali ikoje?

Mzee wa Kapsabet:
Mawingu yapo ila hayajashuka. Nitaamka saa kumi na moja nitazame, niandike hapa kabla hamjatoka. Ikianza kupiga, mwalimu, utageuza?

Skafu ya Kijani:
Nitageuza. Tutalala darasani, mafundo watafungia kwenye madawati.