Kwa nini dawa ya Akira Endo haikushusha kolesteroli ya panya?

Mdadisi:
Ndugu zangu, naomba ufafanuzi kuhusu kazi ya Akira Endo, mtafiti wa Kijapani aliyefariki mwaka 2024, ambaye ndiye aliyefungua njia ya statini, yaani dawa za kushusha kolesteroli. Ninafahamu kwamba kuanzia mwaka 1971, akiwa katika kampuni ya Sankyo mjini Tokyo, yeye na wenzake wachache walichunguza takriban aina 6,000 za kuvu, na mwaka 1973 wakapata kompaktini kutoka kwa kuvu aitwaye Penicillium citrinum. Kinachonitatiza ni kwamba kompaktini ilizuia barabara utengenezaji wa kolesteroli katika vipimo vya maabara, lakini panya waliolishwa dawa hiyo hawakuonyesha badiliko lolote. Alikuwa na msingi gani wa kuendelea? Tena, ikiwa dawa hulizuia ini lisitengeneze kolesteroli, imekuwaje ipungue hata ile iliyokwisha kuwamo kwenye damu?

Mkemia Mstaafu:
Ndugu Mdadisi, hilo la panya nusura liizike kazi yote. Endo hakuwachagua kuvu kwa kubahatisha. Aliamini kwamba baadhi yao hujilinda dhidi ya vijidudu vingine kwa kutoa kemikali inayovinyima steroli, yaani mafuta ya jamii ya kolesteroli, ambazo vijidudu hivyo huzihitaji ili kujenga utando wa seli. Kwa kuwa kompaktini ilikuwa imefanya kazi hiyo waziwazi katika vipimo, alimshuku panya kabla ya kuishuku dawa, na kwa maoni yangu ubora wake umo katika uamuzi huo kuliko katika wingi wa kuvu aliowachunguza.

Panya ni mfano mbaya kwa jambo hili. Sehemu kubwa ya kolesteroli yake husafirishwa na HDL, chembe za damu zinazoirudisha kolesteroli kwenye ini, ilhali LDL, chembe zinazoisambaza mwilini, ni kidogo mno kwake, na ini lake likizuiwa huzalisha kwa wingi kimeng'enya kilekile kilichozuiwa na dawa, yaani protini inayoendesha utengenezaji wa kolesteroli, hata athari ya dawa ikamezwa. Kuku anayetaga ni kinyume chake, kwa sababu damu yake hubeba kolesteroli nyingi kutoka kwenye ini kwenda kwenye kiini cha yai. Mwaka 1976, kuku wa mayai waliokuwa wakitunzwa na mwenzake kazini walipolishwa kompaktini, kolesteroli yao ilishuka kwa karibu nusu. Baadaye mbwa na nyani nao waliitikia.

Tabibu:
Naomba nilijibu swali la pili, ambalo halijibiki kwa kazi ya Endo peke yake. Michael Brown na Joseph Goldstein, waliokuwa wakifanya utafiti mjini Dallas, Marekani, na waliotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1985, waligundua kwamba seli zina vipokezi vinavyoikamata LDL na kuiingiza ndani. Ini linalozuiwa kujitengenezea kolesteroli hupungukiwa, na kwa kuwa haliwezi kukaa bila hiyo, huongeza vipokezi juu ya seli zake na kuitafuta kwenye damu. Statini, kwa hiyo, haiisafishi damu yenyewe. Hulitia ini njaa, nalo ndilo linalosafisha.

Ushahidi wa jambo hili unaonekana kwa watu waliorithi kasoro ya vipokezi kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao statini huwasaidia kwa kiasi kidogo tu. Wale waliorithi kutoka kwa mzazi mmoja bado wana vipokezi vinavyofanya kazi, na wengi wao huitikia vizuri.

Mdadisi:
Ninashukuru sana, wakubwa zangu. Sasa hata kuku nimewaelewa. Je, kompaktini yenyewe iliwahi kuuzwa?

Mkemia Mstaafu:
Haikuuzwa kamwe. Sankyo ilisimamisha majaribio yake mwaka 1980 kutokana na wasiwasi uliozuka katika vipimo vya muda mrefu kwa mbwa, na statini ya kwanza kuidhinishwa Marekani, mwaka 1987, ilikuwa lovastatini ya kampuni ya Merck. Hata hivyo, Sankyo ilirudi na pravastatini, ambayo hutengenezwa kwa kuibadilisha kompaktini kidogo, na hiyo ingali inaandikwa na madaktari hadi leo.