Hivi hawa wachezaji hawalipwi hela nyingi kupitiliza?

Mwl_wa_Hesabu:
Wakuu habari za jioni. Jana nilikuwa banda umiza, dogo mmoja niliyewahi kumfundisha akasema Ronaldo alivyoenda Al-Nassr ya Saudia mwisho wa 2022 malipo yake yalitajwa kama euro milioni 200 kwa mwaka. Nikatoa simu nikagawanya kwa 365, ikaja kama euro 548,000 kwa siku, nikadhani nimekosea nikarudia, ikaja ileile. Mi nina miaka 14 kwenye chaki. Hivi mtu kupiga mpira tu alipwe hivyo, nesi anayekesha wodini je? Imekaaje hii?

kijiwe_cha_kona:
Mwalimu mlangoni ulitoa shingapi, buku? Basi na wewe umemlipa 😂 Mwenye banda analipia king'amuzi, king'amuzi kinalipia haki za kuonyesha, ligi zinagawa kwa timu. Hela ishaingia hiyo, swali ni nani aibebe. Uingereza mpaka 1961 ilikuwa marufuku mchezaji kuzidisha pauni 20 kwa wiki, uwanja unafurika watu na hela inabaki kwa wenye timu. Wachezaji wakatishia kugoma ndo ikafutwa, Johnny Haynes wa Fulham akapewa pauni 100. Nesi asingepata hata senti ya ile iliyokuwa inabanwa.

Zumaridi88:
@kijiwe hapo kwa Ulaya sawa ila Saudia usituchanganye. Al-Nassr tangu 2023 asilimia 75 ni ya PIF, mfuko wa serikali, ile ni hela ya mafuta sio buku ya mwalimu.

beki_mstaafu:
Mnaongelea watu wachache sana duniani. Mi nimecheza daraja la kwanza misimu mitatu, timu siitaji. Mkataba unasema laki tatu kwa mwezi, tukakaa miezi minne hatujaona kitu, tunapewa posho ya elfu kumi baada ya mechi na tukifungwa hata hiyo hamna, kiongozi anapita dirishani kwenye basi anasema vumilieni vijana. Goti likaenda mazoezini, hakuna wa kunipeleka hospitali, mama akauza mbuzi wawili. Saa hizi niko kwenye boda na goti lenyewe ndo la kushoto, kila nikikanyaga gia nalisikia. Kwa hiyo mtu akiniambia wachezaji wanalipwa sana namuuliza tu, yupi?

Mkalenjin_wa_Bonde:
Salamu kutoka Eldoret. Hata riadha ni hivyo hivyo tu. Paris 2024 ndio mara ya kwanza World Athletics, shirikisho la riadha duniani, wamelipa dhahabu ya Olimpiki, dola 50,000. Beatrice Chebet alishinda mita 5,000 na 10,000 kwa hivyo yake ni dola laki moja, na hapo meneja na kodi hawajagusa. Kwa hesabu ya mwalimu huyo Ronaldo anapata hiyo pesa ndani ya masaa matano, hata akiwa amelala. Na huku Iten kuna vijana wanaamka saa kumi na moja kila siku na hawajawahi shinda hata viatu.

Mwl_wa_Hesabu:
Beki pole sana na hilo goti mdogo wangu. Ila hiyo ya Saudia bado haijaniingia akilini mpaka sasa. Halafu @kijiwe sikutoa buku, nilitoa mia tano, niliingia kipindi cha pili.