Gari-nyumba langu linapoteza maji njiani Malindi–Mokowe, naombeni ushauri kabla ya Ijumaa

Kijana_wa_Malindi (mwenye uzi)
Assalam aleikum wadau, na hamjambo nyote.

Nina basi dogo nililong'oa viti nikaligeuza gari la kulala. Lina vitanda vitatu, jiko la gesi, sinki yenye pampu ya umeme, na tangi la plastiki la lita 200 chini ya kitanda cha nyuma. Shida yangu ni maji. Nalijaza tangi hapa nyumbani hadi shingoni, nafunga, naondoka. Nikifika Minjila nikichovya kijiti, karibu nusu haipo. Na hakuna aliyefungua bomba! Gari likisimama nyumbani hata siku tatu, halitoki tone.

Ijumaa nampeleka mamangu Lamu kwa Maulidi. Ni mtu mzima, magoti yanamsumbua, na usiku huamka mara tatu nne kwenda haja na kutawadha. Tutalala Mokowe ndani ya gari usiku mmoja kabla ya kuvuka kwa boti. Sitaki aamke saa tisa usiku nimwambie maji yamemwagika njiani.

Swali: kati ya tangi la plastiki na la chuma kisichoshika kutu, lipi halivuji?

Mpenda_Usawa
Ndugu, kuna mitaa hapa hapa Malindi watu wanaamka usiku kungoja mfereji utoe, wewe wamwaga lita mia barabarani kila safari. Maji ni neema, tutaulizwa. Mpandishe mama basi la kawaida, asubuhi kaondoka, mchana kafika.

Dereva_wa_Njia_Kuu
Mpenda Usawa, usimwambie mtu asibebe maji njia ile. Mimi nimeendesha Malindi–Lamu miaka. Novemba 2023 mafuriko yalipokata barabara pale Lango la Simba, tulikwama na abiria. Mbele maji, nyuma maji, mashamba yote maji, na hakuna hata kikombe cha kunywa. Kulikuwa na mama ana mtoto mchanga analia, akachemsha yale ya tope kwenye sufuria ya mtu. Tangu siku ile sitoki Malindi bila mitungi miwili ya lita 20, imefungwa kamba nyuma ya kiti changu. Mwenye uzi, beba mitungi. Tangi achana nalo.

Mama_Mkomani
Waalaikum salaam mwanangu. Mungu akujaalie kwa kumtazama mamako. Mai ya kutawadha Mokowe hukosi, lakini mtu mzima hapelekwi kutafuta mfereji gizani. Sisi huku Amu mai yetu yatoka chini ya matuta ya mchanga ya Shela, na kila mwaka twalia watu wasijenge juu yake, maana mchanga ule ndio unaoyahifadhi. Ukiuvuruga, chumvi ya bahari yaingia. Kwa hivyo mtu wa huku akisikia lita mia zimemwagika, moyo wamuuma.

FundiBomba
Hajajibiwa swali lake, na swali lenyewe silo. Kijana, plastiki na chuma yote huhifadhi maji. Nijibu haya kwanza. Pampu unaizima ukiendesha? Koki ya kutolea maji chini imekazwa? Kifuniko cha kujazia kina mpira wake? Na kubwa kuliko yote: maji yanaishia wapi? Huisha kabisa, au husimama mahali?

Kijana_wa_Malindi
Shukran fundi. Pampu nazima kila mara. Koki ya chini nimeikaza na kuifunga kwa waya, na sakafu chini yake ni kavu. Kifuniko kina nyuzi nzuri, mpira wake ulipotea lakini nakikaza. Maji husimama. Kila safari huishia palepale, kama upana wa viganja viwili kutoka juu. Nikifika Mokowe ni palepale pa Minjila.

Lakini kusema kweli mimi nshaegemea chuma. Nimeambiwa plastiki huwa na vitundu visivyoonekana, vikipata joto vinafunguka.

FundiBomba
Aliyekuambia hayo anakuuzia chuma. Tangi likivuja kwa ufa wa chini humaliza maji yote, na huvuja hata likisimama. Maji yakikoma palepale kila safari, basi tundu liko palepale. Nionyeshe paipu ya kupumulia, ile inayoingiza hewa tangi likitumika na kutoa hewa likijazwa. Imetokea wapi na inaishia wapi?

Kijana_wa_Malindi
Hiyo iko sawa, ilitengenezwa na fundi. Naomba turudi kwenye matangi. La chuma la lita 400 laweza kukaa hapo?

Mtazamaji
Wadau, mimi nauliza tu. Gari-nyumba Malindi? Tena aende nalo Lamu, kisiwa ambacho usafiri ni punda na mashua? Mwanzo kasema nusu tangi, sasa viganja viwili. Ameulizwa paipu, karuka. Akaunti ina siku mbili. Mimi naona tunasimuliwa hadithi, na kwenye hadithi kama hizi mwisho hutolewa namba ya kutuma mchango wa mama mgonjwa.

Dereva_wa_Njia_Kuu
Hapo kwa Lamu umekosea, Mtazamaji. Gari huishia Mokowe bara, watu wakavuka kwa boti. Sote twafanya hivyo. Ila hilo la paipu hata mimi limenishangaza.

Mama_Mkomani
Mtazamaji, tumdhanie mtu mema. Mwanangu, na wewe jibu unachoulizwa. Mtu akificha maradhi, mganga atatibu nini?

Kijana_wa_Malindi
Sijaomba shilingi ya mtu na sitaomba. Imeniuma kuambiwa mamangu ni hadithi. Picha hizi hapa: ya gari mbele ya nyumba, na ya tangi nimeinua godoro. Nimepiga sasa hivi, taa ni ya simu.

Mtazamaji
Gari nimeliona. Neno la mchango nimelifuta moyoni, uniwie radhi.

FundiBomba
Nimeikuza ile ya tangi. Juu, karibu na kona, kuna kizibo cheusi ambapo paipu ya hewa hukaa. Kimezibwa. Na ubavuni, kwenye usawa wa katikati, kuna mpira wa nusu inchi unatoka, unapanda kidogo tu kupita mgongo wa tangi, kisha unapinda na kuingia sakafuni. Nani alifanya hivi, na kwa nini?

Kijana_wa_Malindi
Ni mimi nilimwambia fundi afanye. Sikusema kwa sababu najua mtaniambia nikirudishe kitanda juu, na kitanda sikipandishi.

Mwanzo kitanda kilikuwa juu. Mama akikaa, miguu inaning'inia, na kushuka akawa anashika ukuta huku anatetemeka. Nikakishusha. Kiliposhuka ubao ukaja kulala juu ya tangi, ukawa unalikanyaga lile paipu. Fundi akasema tuzibe pale juu, tutoboe ubavuni. Nikakubali. Maji yalianza kupotea baada ya hapo, lakini sikuunganisha mambo haya mawili, kwa kuwa likisimama halivuji.

Jambo jingine, nimeshatoa arubuni ya tangi la chuma la lita 400. Nusu ya bei. Nalo litakuwa na paipu ubavuni vilevile. Hesabu yangu ilikuwa, hata likipoteza nusu, mama ana 200.

FundiBomba
Sasa tumefika. Wote mmewahi kuvuta petroli kwenye mtungi kwa mpira. Unanyonya mara moja, mafuta yanapanda, yanavuka mdomo wa mtungi, na yakishaanza kushuka upande wa pili huna haja ya kunyonya tena. Yatakuja yenyewe mpaka mpira upate hewa. Gari lako linafanya hivyo hivyo. Tangi likijaa, maji ndani ya ule mpira yamesimama kidogo tu chini ya pindo. Likisimama nyumbani, yanakaa hapo. Ukivuka daraja la Sabaki, ukapiga breki ya kwanza ya tuta, maji yanaenda mbele, yanarudi nyuma kwa nguvu, yanaruka lile pindo. Basi, mvuto umeshika. Mdomo wa mpira uko chini ya sakafu, chini kabisa kuliko tangi, kwa hivyo maji yanatiririka barabarani na wewe usukani huoni kitu. Kile kifuniko kisicho na mpira kinaingiza hewa juu ili maji yazidi kushuka. Yanakoma yakifika kwenye tundu la ubavuni. Viganja viwili.

Tangi la 400 litamwaga 200 kwa njia hiyohiyo. Na lita moja ni kilo moja, kwa hivyo utaweka kilo 400 nyuma ya ekseli, bila uzito wa chuma chenyewe. Likipungua nusu, maji yale yanapiga mbele na nyuma, na ukikata kona nyuma itakuvuta. Malori ya mafuta huwekwa kuta ndani ya tangi kwa sababu hiyo. Lako litakuwa na kuta?

Kijana_wa_Malindi
Hapana, hatukuzungumza kuta. Lakini fundi, arubuni hairudi. Si nifunge tu koki kwenye ule mpira, nifungue nikifika?

FundiBomba
Kwa safari moja, koki inaweza. Lakini fikiria ni saa tisa usiku, mama amewasha pampu na koki imefungwa. Maji yanatoka, hewa ya kutosha haiingii. Leo kifuniko kibovu kinakuokoa, siku utakapokitia mpira pampu itazinyonya kuta za tangi zije ndani. Na ukijaza kwa mpira wa mfereji wenye kasi, litavimba. Sipendi kitu ambacho usalama wake ni mtu kukumbuka.

Kitanda kibaki pale pale chini. Chukua msumeno ukate pengo kwenye ubao wa kitanda, ukubwa wa mdomo wa kikombe, juu ya kile kizibo cheusi. Godoro litafunika, mama hatajua. Ondoa kizibo, weka elbo iliyolala (kile kiungo cha kona), paipu itoke kwa upande chini ya godoro bila kuinuka zaidi ya vidole vitatu. Ipeleke ukutani, ipandishe ndani ya kabati mpaka usawa wa dirisha, ipinde, ndipo uishushe nje. Pale juu kabisa kwenye pindo toboa kitundu kama cha sindano nene. Maji hata yakiruka na kufika huko, yakianza kushuka kitundu kitaingiza hewa na mvuto utakatika. Tumia mpira mweupe wa maji ya kunywa unaoonyesha ndani, ule wa bustani hutia ladha.

La ubavuni liondoe, weka konekta ya tangi yenye mipira miwili na kizibo. Usijaribu gundi, gundi haishiki plastiki ile. Nunua na mpira wa kifuniko. Jaza uache vidole vinne.

Dereva_wa_Njia_Kuu
Na mitungi miwili beba, usiniache hivihivi.

Mpenda_Usawa
Nilikuwa mkali mwanzo. Mtu aliyeshusha kitanda kwa ajili ya mamake hakuwa anamwaga maji kwa dharau. Fundi, nina tangi la hoteli juu ya paa linanisumbua, nitafungua uzi.

Mtazamaji
Mwenye uzi, kabla ya kubeba mtu mzima, jaribu kwanza hapo karibu. Ndilo ombi langu.

Kijana_wa_Malindi
Jana nimefanya yote. Kukata ubao dakika kumi, kutafuta konekta yenye mipira mizuri nusu siku.

Jioni tulijaza, tukaacha vidole vinne, nikabandika karatasi ya gundi ubavuni mwa tangi na kuchora mstari wa kalamu. Mdogo wangu akalala chali sakafuni, kabati wazi, tochi mdomoni, macho kwenye ule mpira mweupe. Tukaenda hadi Marereni na kurudi. Kwenye matuta nilipiga breki makusudi. Alikuwa anapiga kelele, "Yapanda! Yapanda!" Maji yalipanda kama shubiri moja juu ya tangi, yakatikisika, yakashuka. Kwenye pindo hayakufika hata mara moja. Tuliporudi maji yalikuwa palepale penye mstari. Nimeirudia leo asubuhi peke yangu hadi Gongoni, mstari uleule.

Arubuni nimeifuata. Nimeambiwa pesa hazirudi ila naweza kuchukua kitu kingine, na mpaka sasa hatujakubaliana. Hilo nitalimaliza nikirudi.

Mama_Mkomani
Alhamdulillahi. Mkivuka, mpitishe mamako kwetu mtaa wa Mkomani apumzike kabla ya kwenda msikiti wa Riyadha kwenye Maulidi, usiku kule watu huwa wengi. Niandikie faraghani.

Kijana_wa_Malindi
Nitakuandikia, mamangu. FundiBomba, Mungu akuzidishie. Mtazamaji, usingenibana nisingepiga picha.

Ni Ijumaa, saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi. Tangi lina maji, mitungi miwili iko nyuma ya kiti. Mama alishaingia garini tangu saa kumi na moja, amekaa kitandani na tasbihi yake, miguu imefika chini. Tunaondoka.