Mnaosema Green Book "imewafariji", hebu nielezeni mmefarijiwa na nini

Wakuu, leo mnivumilie, natoa povu. Kila ukifunguliwa uzi wa filamu nzuri za kutazama na familia, lazima atokee wa kuitaja Green Book, ile filamu ya 2018 ya mpiga piano mweusi na dereva wake mzungu wakizunguka Kusini mwa Marekani enzi za ubaguzi. "Inatia moyo sana." "Nililia." "Inaonyesha binadamu wote ni ndugu." Ukithubutu kuhoji unaambiwa una chuki, acha siasa, ile ni burudani tu.

Haya, tuijadili hiyo burudani.

Uigizaji sibishani na mtu. Mahershala Ali na Viggo Mortensen wamefanya kazi ya maana, na Ali alistahili Oscar aliyopewa mwaka 2019. Lakini alipewa ya nini? Ya mwigizaji msaidizi! Mpiga piano Don Shirley, anayeigizwa na Ali, ndiye mwenye ziara ya maonyesho ya mwaka 1962, ndiye anayepigwa baa, anayenyimwa choo ndani ya nyumba aliyoalikwa kutumbuiza, anayekatazwa kula kwenye ukumbi ambao wageni wamekuja kumsikiliza yeye. Halafu mhusika mkuu ni dereva wake, Tony Vallelonga, anayeigizwa na Mortensen. Maumivu ya huyu, hadithi ya yule.

Mnashangaa nini, wakati mmoja wa waandishi wa skripti ni Nick Vallelonga, mtoto wa huyo dereva? Ndugu zake Shirley walipoiona walikuja juu. Filamu inamwonyesha kama mtu mpweke aliyepoteana na kaka yake. Familia ikasema ni uongo, walikuwa wanawasiliana vizuri tu. Wakapinga hata huo urafiki wenyewe, wakasema Tony alikuwa mwajiriwa. Nick akajitetea kwamba Shirley mwenyewe alimtaka asiongee na watu wengine. Sawa, lakini Shirley alifariki 2013, hakuwepo wa kumuuliza. Ali alipigia familia simu kuomba radhi. Yaani mwigizaji mwenyewe kaona kuna tatizo, wewe uliyekaa kwenye kochi ndiyo unakuja kutuambia tusiharibu utamu!

Na ile sehemu ya kuku wa kukaanga ndani ya gari, chakula ambacho Wamarekani weusi wamedhihakiwa nacho miaka mingi, ambayo wengi mnasema ndiyo iliyowachekesha kuliko zote, mimi ndiyo iliyonichefua. Mtu mweusi aliyezaliwa Florida mwaka 1927, wazazi wake kutoka Jamaika, eti anafundishwa na dereva mzungu namna ya kula kuku, na anatajiwa wanamuziki weusi wa wakati wake kama mgeni aliyeshuka jana. Dereva anamwambia kabisa kwamba yeye ni mweusi kuliko Shirley. Ukumbi mzima unacheka.

Twende kwenye jina. Green Book kilikuwa kitabu halisi. Victor Hugo Green, mfanyakazi wa posta wa Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York, alianza kukichapisha 1936, kikiorodhesha hoteli, migahawa na vituo vya mafuta ambako msafiri mweusi angehudumiwa bila kufukuzwa wala kuuawa. Green aliandika kwamba anaisubiri siku ambayo kitabu hicho hakitahitajika tena. Alifariki 1960, miaka minne kabla ya Sheria ya Haki za Kiraia iliyopiga marufuku ubaguzi huo hotelini na migahawani. Hiyo peke yake ni filamu! Hawa wamechukua jina, kitabu chenyewe kinaonekana mara chache tu, na anayekishika ni dereva.

Mwisho ndio mnaoulilia zaidi. Polisi wa Kusini waliwaweka ndani; wakifika Kaskazini, polisi anawasimamisha kwenye theluji, anawasaidia tairi, anawatakia Krismasi njema. Kumbe ubaguzi ulikuwa na mpaka, ukiuvuka umepona! Kisha Tony anachoka, Shirley anashika usukani, mzungu analala kiti cha nyuma hadi mlangoni kwake. Bosi kamrudisha dereva kwa mkewe, ndipo na yeye anakaribishwa mezani. Hapo ndipo mnapotoa leso.

Sisemi msiitazame. Ilichukua Oscar ya filamu bora, na watazamaji wa kawaida waliipenda kuliko wahakiki, hilo linajulikana. Kinachonikera ni kuitumia kuwafunga watu midomo, kana kwamba aliyeumizwa akikusamehe ndani ya saa mbili basi deni limelipwa na asiyecheka ndiye mbaguzi.

Anayekuja kunijibu aje na hoja. Kulia ulilia, tumeshasikia.